Shandele za Muzee Lobo

Siku yangu ya kwanza garajini sikugusa motor. Nilifika mapema, nimevaa shati ambalo dada yangu alilipiga pasi, mfukoni nina cheti cha shule ya ufundi ya mapadri kule Mahagi, na niliamini kwamba ninaijua kazi. Mkubwa wa karakana, yaani shefu wa atelye, aliangalia viatu vyangu, akaangalia mikono yangu, wala hakuomba kuona cheti. Alinionyesha jeep moja ndefu iliyosimama katikati ya ua, akaniambia niipandishe upande wa nyuma, nitoe gurudumu, nilirudishe, kisha niishushe. Nilipomaliza aliniambia nianze upya. Ilikuwa hivyo mpaka jioni, na kesho yake, na wiki ile yote.

Ilikuwa Bunia ya mwanzo wa miaka ya sabini. Garaji lilikuwa la Mgiriki mmoja ambaye sisi wote tulimwita Patron. Jeep za mji mzima zilipita pale: za wanunuzi wa kahawa, za mapadri, za wakubwa wa serikali, za watu wa migodi ya Nizi na Kilo. Patron alikaa ofisini na bili zake. Aliyetutawala kweli alikuwa shefu wa atelye, Muzee Lobo. Kwa umri hakuwa mzee wakati ule, lakini hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina tupu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye shingo nene, na sauti yake haikupanda hata akikasirika. Akikasirika alizidi kusema polepole.

"Motokari yenye kuwa juu ya kriki haiyapanda bado," aliniambia siku ile. "Iko tu nafikiri namna ya kushuka. Utasema imepanda wakati iko juu ya shandele."

Kriki ni kile chombo cha kuinulia motokari ambacho wengine wanakiita jeki. Shandele ni miguu ya chuma inayowekwa chini ya motokari ikishainuliwa, ili uzito ukae juu yake na kriki ipumzike. Zile za Muzee Lobo hazikununuliwa dukani. Alizichomea mwenyewe kwa vipande vya reli nyembamba, zile za vigari vya zamani vya migodi ya Kilo, akaziwekea chini bamba pana ili zisizame udongoni. Zilikuwa nne. Zilikuwa nzito hata ukibeba mbili kwa mara moja unatembea umepanua miguu.

Ninawaandikia vijana, kwa hiyo nitaeleza alivyotufundisha, maana siku hizi naona jeep zinapandishwa majumbani kama mtu anayeinua kiti. Kwanza alitutuma kutafuta mahali palipo sawa na pagumu. Kama udongo ni laini, chini ya kriki tuliweka ubao mnene na mpana. Mizigo ilishushwa yote, na watu walishuka wote, hata bibi wa mwenye motokari, hata kama mvua inanyesha. Buloni, yaani nati za gurudumu, tulizilegeza gurudumu likiwa bado chini, kwa sababu ukizilazimisha likiwa hewani unaitikisa motokari nzima. Halafu kabari za mbao, mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Kriki ilikaa chini ya ponti, ule mhimili mnene unaobeba magurudumu mawili, si chini ya bampa wala chini ya bati.

Kuhusu freni ya mkono alituchosha kwa maneno. Katika jeep nyingi za wakati ule, freni hiyo haikukamata magurudumu yenyewe. Ilikamata kardani, kile chuma kirefu kinachozunguka chini ya motokari na kupeleka nguvu nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, lile la hewani linaweza kuzunguka huku, jingine lililo chini likazunguka kule, na jeep ikaondoka ingawa freni imevutwa mpaka mwisho. Kwa hiyo alitaka tuingize vitesse ndogo, yaani gia ya chini, tuunganishe na magurudumu ya mbele ili nayo yashike, na bado tuweke kabari. Mtu akisema kwamba amevuta freni, Muzee Lobo alimjibu kwamba hakuuliza habari za freni.

Motokari ikishakaa juu ya shandele, tuliisukuma kwa bega, kwa nguvu. Mara ya kwanza nilisukuma kwa woga. Alikuja akasimama karibu nami. "Sukuma sawa mutu mwenye hasira," alisema. "Kama itaanguka, ianguke sasa, weye ungali inje." Na gurudumu lililotolewa tulililaza chini ya fremu, ili kukitokea ajali ibaki nafasi ya mtu kupumua.

Tulikuwa mafundi sita. Aliyekuwa wa kwanza kati yetu ni Kiza. Yeye alikuwa Muhema, baba yake ana ng'ombe wengi milimani kusini ya mji, na alitegemewa kuwachunga. Akakimbilia mafuta machafu. Siku tulipojuana aliniuliza jina langu, nikamwambia Ukelo, akauliza maana yake. Nikamweleza kwamba kwetu Alur hilo ni jina la mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Alicheka mpaka akaweka chini chombo alichoshika, kwa sababu Kiza kwao ni jina la mtoto yuleyule. Tangu siku ile tulikula sahani moja.

Kiza alikuwa na sikio. Jeep ilipoingia getini, kabla dereva hajazima motor, alikuwa ameshajua ni rulema gani, yaani beringi gani, imekufa, gurudumu la upande gani. Muzee Lobo hakumsifu hata siku moja, lakini alimpa kazi ambazo hakutupa sisi, na jioni alimchukua kwake Mudzipela kula. Mke wa Muzee alikuwa amefariki, na binti yake Furaha ndiye aliyetunza nyumba. Haikuchukua muda mrefu tukaelewa kwamba Kiza hakufuata bugali peke yake. Ng'ombe wa mahari waliletwa, misa ikafanyika, na Kiza na Furaha wakapata parseli, kiwanja chao, mtaa uleule, barabara mbili tu kutoka kwa baba, njia mbili kama tunavyosema. Ninakumbuka Muzee Lobo siku ile ya ndoa, amevaa koti, amekaa kando ya mkwe wake, anamjazia bilauri kila ikipungua.

Halafu ikaja miaka ambayo biashara za wageni zilipewa wananchi. Patron aliondoka na masanduku yake, na garaji likapewa mfanyabiashara wa vitambaa. Tulimwita Citoyen Directeur, yaani Mwananchi Mkurugenzi, maana ndivyo ilivyokuwa wakati ule. Hakuwa mtu mbaya, lakini hakujua garaji. Siku ya kwanza alimuuliza Muzee Lobo kwa nini jeep moja inakaa siku mbili ikiwa juu, wakati wengine mjini wanaimaliza kwa siku moja. Muzee Lobo alimjibu kwamba wengine mjini hawajui kazi. Citoyen Directeur hakupenda jibu hilo. Vyombo vilianza kupungua, mashine ya hewa ikaenda, mashine ya kuchomea ikaenda, wateja wakaenda. Siku garaji lilipofungwa, Muzee Lobo alichukua shandele zake nne, kwa sababu kila mtu alijua ni za mikono yake, na mimi na Kiza tukamsaidia kuzibeba kwa miguu mpaka Mudzipela.

Wakati ule ndipo kazi yetu ilipohamia majumbani. Fundi hakuwa tena na sakafu ya simenti wala shimo la kuingilia chini ya motokari. Alikuwa na parseli yake, udongo wetu mwekundu unaolainika mvua ikinyesha, na vyombo alivyoweza kuokoa. Muzee Lobo alipanga ua wake kama atelye, akasawazisha udongo, akaushindilia kwa kokoto, akafanya kazi na Kiza. Mimi nilikuwa nao miezi ya mwanzo. Tulikula kwa Furaha mchana, sombe, yaani kisamvu, na samaki wa Kasenyi, na nilidhani mambo yataendelea hivyo.

Ugomvi uliletwa na jeep ya mfanyabiashara mmoja wa kahawa. Ilifika imejaa magunia, inatoa sauti nyuma, na mwenyewe alitaka kuondoka kabla ya jioni kwenda Mahagi. Muzee Lobo alimwambia ashushe magunia kwanza. Yule bwana akasema hakuna pa kuyaweka, na mawingu yanakuja. Muzee akarudia maneno yaleyale, polepole zaidi. Bwana aliwasha motor akaondoka. Kiza alipangusa mikono, akamfuata. Aliipandisha jeep ile kwa yule bwana, na magunia yake juu, kwa kriki moja na mawe, akaimaliza kabla jua halijashuka. Ile sauti aliijua tangu getini.

Aliporudi, Muzee Lobo alikuwa amekaa mlangoni. Hakuuliza kazi ilikwendaje.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alimwambia.

"Muzee, ule mutu alikuwa na haraka. Na motokari imepona."

"Motokari imepona," alisema Muzee Lobo. "Basi enda nayo."

Kiza alichukua vyombo vyake jioni ileile. Alianza kufanya kazi katika parseli yake mwenyewe, na wateja wengi wakamfuata, kwa sababu alikuwa mwepesi na alikuwa na sikio lile. Kwa Muzee Lobo walibaki mapadri na watu wachache wa zamani. Mimi sikutaka kuchagua. Kulikuwa na nafasi katika karakana moja ya migodi kule Nizi, nikaomba, nikachukuliwa.

Nizi nilikaa miaka mingi. Mkubwa wetu tulimwita Ingénieur, yaani mhandisi, mtu mrefu wa Kasai aliyevaa saa mbili, moja kila mkono, na hatukujua sababu. Kule kulikuwa na sakafu ngumu, kriki za magurudumu, shandele za kila kimo. Ingénieur aliponiona ninaisukuma motokari kwa bega kabla ya kuingia chini, aliuliza ni nani aliyenifundisha. Nikamtajia Muzee Lobo wa Bunia. Akasema mtu kama huyo anapaswa kuwa na vijana ishirini chini yake. Nilirudi nyumbani nimefurahi, halafu usiku nikawaza kwamba hana hata mmoja.

Kila nilipopata ruhusa nilishuka Bunia. Nililala kwa Kiza, na kesho yake nilikwenda kumsalimia Muzee Lobo. Kila mmoja aliniuliza habari za mwenzake namna ya kuzungukazunguka. Muzee aliuliza kama watoto wa Furaha wanakua vizuri, na kama mvua haijaharibu ua wao. Kiza aliuliza kama muzee bado anakohoa. Furaha ndiye aliyepita njia zile mbili kila Jumamosi, siku ya posho, na chakula kichwani kwa ajili ya baba yake, na alirudi bila ujumbe wowote.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini jeep zilizidi kuwa nzito. Zilikuja zile kubwa za châssis long, yaani fremu ndefu, zenye mabati manene na tangi mbili, na wenyewe walizibebesha kama lori. Kiza alizipandisha juu ya vipande vya mti wa kalitusi. Gogo zuri la kalitusi linabeba, lakini likikauka linapasuka kwa urefu, na likiwa la mviringo linateleza. Yeye mwenyewe alijua. Siku moja tuliketi nyuma ya nyumba yake, alinionyesha gogo moja lililofunguka kama kitabu, na akaniomba nimwendee baba mkwe wake.

"Ndugu yangu, niombee muzee shandele mbili tu," alisema. "Mi naogopa hizi miti."

Kwa Kiza kusema neno lile, naogopa, haikuwa kitu kidogo. Nilikwenda jioni ileile. Nilimkuta Muzee Lobo ananawa mikono kwa sabuni na majivu ingawa siku ile hakuwa na kazi. Nilimweleza. Alinawa kwa muda mrefu sana.

"Aje yeye mwenyewe," alisema.

Nilimwambia kwamba Kiza anaona haya, kwamba kwa mkwe mtu haendi na deni la maneno. Akaniangalia.

"Umwambie sitamuuliza kitu. Ile ya zamani sitaisema. Aje tu, tuzibebe siye wawili."

Nilirudi nikamwambia Kiza maneno yote, sikupunguza na sikuongeza. Alisema vizuri, atakwenda. Furaha aliyasikia akiwa jikoni, na nilimwona anafuta macho kwa kitenge. Nilirudi Nizi nikidhani jambo limekwisha.

Miezi ikapita. Niliporudi, magogo yalikuwa bado pale. Kiza alisema alikusudia kwenda siku ile ikanyesha mvua, na siku nyingine mteja akaja, na siku nyingine mtoto akaugua. Furaha alinieleza kando kwamba mara mbili Kiza alivaa shati, akafika njia ya kwanza, akarudi. Furaha mwenyewe naye alikwenda kumwomba baba yake, na baba alimjibu maneno yaleyale, aje yeye mwenyewe. Nilikwenda tena kwa Muzee Lobo. Safari hii alinipa chai tu. Nyumba mbili zile zilikuwa karibu hata mtoto akilia huku, kule alisikika.

Habari ilinifikia Nizi kwa mdomo wa dereva. Alishuka kwenye lori, akanitafuta mpaka karakanani, akaniambia kwamba ndugu yangu Kiza ameangukiwa na jeep, na kwamba alipoondoka Bunia alikuwa bado anapumua. Ingénieur aliniruhusu kabla sijamaliza kueleza. Nilipanda lori lilelile kurudi, na safari yote dereva hakuwasha redio yake.

Yaliyotokea nilielezwa na Furaha pale hospitali, kwenye benchi, Kiza akiwa ndani. Ilikuwa siku ya Mungu, baada ya misa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Jeep ya mchukuzi mmoja ilikuwa uani tangu jana yake, na mwenyewe aliihitaji kesho asubuhi. Kiza aliipandisha nyuma upande mmoja, akaweka gogo, akaingia kwa mgongo kuangalia freni. Alivuta freni ya mkono. Mbele aliweka jiwe, gurudumu moja tu. Udongo ulikuwa laini, kriki ikalala upande kidogo, na kule kulala kidogo kulitosha. Jeep ikasogea, gogo likateleza, na Furaha alisikia sauti kama gunia linalotupwa chini. Ponti ilimshika kiunoni na pajani.

Majirani walikuja, wengi, wakashika bampa ili wavute. Lakini mtu mmoja alikuwa amekimbia kwa Muzee Lobo, naye akafika. Alikuja mbio, amebeba shandele mbili begani, moja kila upande, na yule aliyemwita nyuma yake na kriki na ubao. Furaha aliniambia hakuwahi kumwona baba yake anakimbia. Aliwaambia watu waache bampa. Hawakusikia, walikuwa wanapiga kelele kwamba mtu anakufa. Akaingia katikati yao akazitoa mikono yao mojamoja. Kisha akapiga magoti, akaanza kazi kwa taratibu ileile aliyotufundisha sisi: kabari kwenye magurudumu ya mbele, ubao, kriki chini ya ponti, kidogo, shandele, kidogo tena, shandele ya pili. Watu walimlaani. Jirani mmoja alimwita mchawi. Furaha mwenyewe alimshika shati, akamwomba afanye haraka.

"Nikiharakisha, nitamuua," alimwambia, wala hakugeuka.

Na chini pale Kiza alikuwa na akili zake. Alisikia sauti ile. "Muzee, umekuja," alisema. Muzee Lobo alijibu kwamba amekuja, kisha akamwambia asizungumze, avute pumzi ndogondogo. Walipomtoa, jeep haikutikisika hata kidogo. Muzee aliisukuma kwa bega kabla ya kuruhusu mtu yeyote amvute, na kwa kusukuma kule watu walimwona kama mwendawazimu.

Kiza hakufa. Daktari alisema kama wangeivuta jeep ile, ingemrudia kifuani. Lakini nyonga ilivunjika vibaya, mguu mmoja ukapona ukiwa mfupi kuliko mwenzake, na hakuweza tena kuchuchumaa wala kulala chini ya motokari. Muda wote aliokuwa kitandani, Muzee Lobo alifika kila siku baada ya chakula cha mchana. Nilikuwepo mara kadhaa. Hawakuzungumza habari za shandele. Muzee alimnyoa ndevu, akamgeuza, akamsafisha, kazi ambazo kwetu baba mkwe hazifanyi, na Kiza alifumba macho. Siku moja nilimsikia Kiza akisema alitaka kweli kuja. Muzee alimjibu kwamba anajua, na akaendelea kumpangusa mgongo.

Alipotoka hospitali, baba yake alituma watu wamchukue milimani. Alirudi kwa ng'ombe aliowakimbia. Furaha na watoto wakamfuata, na nyumba ile ya Mudzipela ikapangishwa. Muzee Lobo alibaki peke yake upande wake. Jeep ya mchukuzi ndiyo ya mwisho aliyoipandisha. Mapadri walimtafuta, akawaambia mikono inatetemeka. Haikutetemeka. Nilimwona akimimina chai.

Mimi niliondoka Nizi nikarudi Bunia, kwa garaji la misheni moja. Mkubwa wangu pale alikuwa Mama Econome, sista aliyeshika matumizi yote. Swali lake la kwanza lilikuwa kama ninalewa, la pili kama ninaweza kufundisha. Kwa la pili nilisita, nikasema nitajaribu. Nilikaa pale mpaka nilipopumzika kazi. Kilichonirudisha mjini si mshahara, ulikuwa mdogo. Nilitaka kuwa karibu na Muzee.

Nilimtembelea jioni nyingi. Alikuwa amepungua, shingo ile nene imekuwa ya mzee kweli. Jioni moja, bila kupanga, nilimuuliza jambo ambalo lilikuwa linanila tangu hospitali. Nilimuuliza kwa nini hakuzipeleka yeye mwenyewe, maana ni njia mbili tu.

Aligeuka, akaangalia mlango wake.

"Nilikuwa nazitoa inje," alisema. "Asubuhi yote, kila siku. Naziweka hapa kwa mulango, mbili. Nasema, Furaha akipita atazibeba. Ao Ukelo akipita atazibeba. Jioni narudisha ndani."

"Muzee, hukusema."

"Sikusema," alijibu. "Nilifikiri mutu ataona."

Furaha alipita mlango ule mara ngapi na sahani kichwani, na alidhani baba yake anazipangusa kutu. Mimi nami nilipita. Tuliketi pale mpaka jirani akawasha taa yake, halafu nikamsindikiza ndani.

Alifariki kabla miaka ya themanini haijaisha, kwa kifua. Kiza alishuka kutoka milimani na fimbo yake, akasimama kaburini mpaka watu wote wakaondoka. Shandele aliniachia mimi. Sikuziomba na sikuzikataa.

Sasa mimi ni mzee kuliko alivyokuwa Muzee Lobo siku ile aliyoangalia viatu vyangu. Kiza huja mjini siku za soko. Tunaketi kando ya barabara, pikipiki na jeep zinapita, naye anainamisha kichwa. Ile rulema imekufa, ananiambia, nyuma kushoto. Motokari imeshapita, dereva hajui, na hakuna wa kumwambia. Fundi kama huyo sijamwona tena Bunia, na nikimwangalia anavyonyosha mguu wake mfupi juani, ninaona garaji zima ambalo halikuwepo: shefu na mkwe wake katika ua mmoja, vijana ishirini kama alivyosema Ingénieur, na mimi nikiwa mmoja wao. Haikuhitaji kitu kikubwa. Ilihitaji mtu mmoja atembee njia mbili.

Kwa hiyo siku hizi, nikisikia jirani anapandisha jeep uani kwake, nachukua shandele mbili kwenye toroli na ninakwenda. Wengine wamenichoka. Wiki iliyopita kijana mmoja alinyanyua kichwa, akaniambia kwa adabu, "Muzee, hatukukuita."

Nilimjibu kwamba ninajua, nikapiga magoti karibu naye.